Maswali ya wasomaji: fremu ya resi ya zamani, ununue ipi?

Safari hii barua nyingi zimeuliza kuhusu baiskeli za resi za chuma, zile za zamani zinazokuja na mitumba na kuishia Mwanjelwa, Kihesa au Makambako zikiwa zimebaki fremu tupu. Tumechagua tano.

Fremu tatu, nichukue ipi?

*Salaam mafundi. Kuna muuza mitumba Mwanjelwa ana fremu tatu za resi za zamani, zote za chuma. Ya kwanza ni Raleigh yenye kibandiko cha Reynolds 531, rangi bado inang'aa. Ya pili ni Peugeot, anasema ni ya miaka ya 1970. Ya tatu imetoka Japani, rangi imekwanguka na jina halisomeki. Nataka kufufua moja, niende nayo kazini Uyole na Jumapili nipande milima. Urefu wangu ni sentimita 172. – Msomaji, Soweto, Mbeya*

Ndugu yetu, kwanza sahau rangi. Rangi ni kazi ya mwisho na ndiyo rahisi kuliko zote. Fremu unainunua kwa mambo matatu: inakutosha, imenyooka, na vipuri vyake utavipata ukiwa Mbeya.

Kuhusu kutosha, simama peku ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja kikiwa kimelala sawa, kisha upimwe kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu. Zidisha kwa 0.65 hadi 0.67. Mguu wa sentimita 82 unakupa fremu ya sentimita 53 hadi 55, ikipimwa kwenye bomba la siti kuanzia katikati ya kranki hadi juu. Fremu ikikuzidi sentimita 1 unaweza kuishi nayo. Ikikuzidi 4 utaumia mgongo kila siku, hata iwe nzuri namna gani.

Kunyooka ndiko kunakotaka muda, usikubali kuharakishwa. Toa fremu nje asubuhi au jioni, jua likiwa limeinama. Geuza chini juu na utazame bomba la chini pale linapoungana na shingo, lile bomba fupi la mbele linalobeba usukani, sentimita 3 hadi 5 nyuma ya kiungo. Pitisha ukucha polepole kwa chini. Kama kuna kimgongo kidogo, mkunjo, au rangi iliyopasuka kwa mistari ya kukata bomba, fremu hiyo iligonga kitu kwa mbele. Fanya hivyo hivyo chini ya bomba la juu. Mkunjo huo haunyoshwi ukawa kama ulivyokuwa: chuma kimeshakunjika na ukuta wake ni mwembamba, ukikirudisha kinachoka na baadaye kinakatika. Raleigh yako yenye rangi inayong'aa ndiyo uichunguze zaidi, kwa sababu rangi mpya hufunika. Beba sumaku ndogo, ipitishe juu ya mabomba yote. Pale inaposhika kwa unyonge, chini yake kuna puti.

Kisha foki. Itazame kwa ubavu: sehemu ya juu ya miguu yake, kabla haijaanza kupinda kwenda mbele, iwe kwenye mstari mmoja na shingo. Ikiwa imerudi nyuma hata kidogo, imegongwa.

Mwisho chukua uzi wa mshonaji. Funga kwenye mdomo wa ekseli wa kushoto (mdomo ni ule mpasuo wa fremu unaoshika ekseli ya gurudumu la nyuma), upeleke mbele uzunguke shingo, urudi hadi mdomo wa kulia, ukaze vizuri. Sasa pima kwa rula nafasi kati ya uzi na bomba la siti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita 1 ni fremu nzuri. Milimita 2 au 3 fundi mwenye mkono mzuri anazirekebisha. Zaidi ya hapo mrudishie mwenyewe.

Tuje kwenye vipuri, na hapa ndipo wengi wanapopotezea fedha. Nyuzi za bomba la kranki, lile fupi la chini linalobeba ekseli ya pedali, hazifanani. Za Kiingereza ni inchi 1.37 kwa nyuzi 24 kwa inchi, bomba lina upana wa milimita 68, na kikombe (kipande chenye nyuzi kinachofungwa humo kushika ekseli) cha upande wa mnyororo kinafungwa kinyume: kukilegeza unazungusha kuelekea mshale wa saa unakokwenda. Za Kiitaliano ni milimita 36, upana 70, na pande zote mbili zinafungwa kawaida. Za Kifaransa ni milimita 35, uzi mmoja kwa kila milimita, upana 68 kama za Kiingereza, lakini pande zote kawaida. Kwa hiyo rula peke yake haikutofautishii Mfaransa na Mwingereza. Soma maandishi kwenye uso wa kikombe: 1.37 x 24 au 35 x 1. Mtu akikwambia kikombe cha kulia kimegoma, muulize amekuwa akikizungusha wapi. Vikombe vingi vya Kiingereza vimeng'olewa nyuzi kwa sababu fundi alikuwa anakaza akidhani analegeza.

Raleigh nazo zina yao. Zile za bei ya chini na ya kati zilizotengenezwa Nottingham mara nyingi zina nyuzi 26 kwa inchi na bomba la milimita 71 au 76, na kikombe cha kawaida hakiingii. Zile za mabomba mazuri kwa kawaida zina 68. Kwa hiyo pima.

Peugeot nyingi za miaka ya 1970 ni za Kifaransa kila mahali: bomba la kranki 35 x 1, vikombe vya shingo vya milimita 25, shina la usukani milimita 22.0 badala ya 22.2. Milimita 0.2 inaonekana si kitu, mpaka shina ligome kuingia na mtu alipigilie kwa nyundo. Ni baiskeli nzuri na tunazipenda. Lakini kama haina vikombe vyake vya kranki na vya shingo vikiwa vizima, kwa Mbeya utasubiri sana. Iache, isipokuwa imekamilika.

Na kibandiko cha 531? Reynolds wa Birmingham walianza kuuza mabomba hayo mwaka 1935. Ni chuma chenye manganizi na molibdenamu, na katika aina bora zaidi mabomba makuu ni manene ncha na membamba katikati. Kibandiko lakini kinachapishwa na yeyote. Amini nguzo ya siti. Bomba la siti la Kiingereza kwa nje ni milimita 28.6. Kama nguzo iliyomo imeandikwa 27.2, ukuta wa bomba ni kama milimita 0.6 hadi 0.7, hilo ni bomba zuri. Ikiwa 26.2 au pungufu, ukuta unazidi milimita 1, chuma cha kawaida kizito. Angalia pia midomo ya nyuma: ya kufuliwa ni minene, mara nyingi ina jina kama Campagnolo, Shimano au Suntour, ya kukatwa kwenye bamba ni myembamba na ncha za mabomba zimebanwa bapa juu yake. Ukimaliza, omba mizani ya muuza viazi jirani. Fremu bila foki yenye kilo 2 na kidogo ni nyepesi, yenye kilo 3 ni ya kawaida.

Jibu letu: zote zikiwa zimenyooka, na Raleigh ikakataa kipimo cha nguzo au cha bomba la kranki, chukua ya Japani. Fremu za Japani zinatumia nyuzi za kranki za Kiingereza, na baiskeli za mitumba za Kijapani zipo nyingi za kunyofolea vipuri. Jambo moja tu: hakikisha inakuja na vikombe vyake vya shingo na ile pete ya chini inayokaa kwenye foki. Foki nyingi za Japani zina kiti cha pete cha milimita 27.0, nyingine nyingi za resi zina 26.4. Pete ya 26.4 ukiilazimisha juu ya 27.0 inapasuka, na ya 27.0 juu ya 26.4 inacheza hadi shingo igonge kila shimo.

Tairi la 28 limekataa

*Nilinunua tairi mbili za 28 dukani Mafinga kwa ajili ya baiskeli ya resi. Haziingii sawasawa kwenye rimu, zinalegea na tyubu inatokeza pembeni. Fundi anasema rimu ni mbovu. – Msomaji, Mafinga*

Rimu yako ni nzima. Jina "28" linabebwa na matairi ya vipimo tofauti. Tairi la baiskeli zetu nzito za Phoenix na Hero ni 28 x 1½, ambalo kipenyo chake cha ukingo ni milimita 635. Rimu nyingi za resi ni 700C, kipenyo 622. Tofauti ni milimita 13, ndiyo maana linalegea, na ukijaza upepo litaruka. Resi za zamani za Uingereza na zile zilizouzwa Marekani nyingi zilikuja na inchi 27, nazo ni 630. Usisome inchi, soma namba yenye kistari ubavuni mwa tairi: 40-635, 32-630, 32-622. Namba ya pili ifanane na ya rimu, basi.

Kwa anayechagua fremu jambo hili lianze mapema. Kupata tairi la 622 kwenye maduka ya mkoani si rahisi kama 635, lakini ni rahisi kuliko 630. Fremu iliyoundwa kwa inchi 27 inapokea rimu ya 622 bila shida, ila mpira wa breki utalazimika kushuka milimita 4. Kama mikono ya breki imeshafika mwisho wa nafasi yake, tafuta breki za mikono mirefu, zile zenye urefu wa milimita 47 hadi 57. Na kama unapita vumbi na kokoto, usichukue fremu ya mashindano yenye nafasi ya kidole. Pima kutoka katikati ya mdomo wa ekseli hadi chini ya kidaraja cha breki: tairi la 32-622 linahitaji kama milimita 350. Kisha pima upana kati ya mabomba ya chini ya nyuma, milimita 327 kutoka ekseli. Upate walau 38. Bila hiyo, tope la Februari litasimamisha gurudumu.

Nguzo ya siti haitoki

*Shikamooni mafundi. Nimepata fremu nzuri sana kwa bei ndogo hapa Iringa ila nguzo ya siti imegoma. Vijana wamening'inia na bomba la maji, haikutikisika. – Msomaji, Ipogolo*

Marahaba. Waambie vijana waache, maana bomba la siti ni jembamba na kitakachozunguka kabla ya nguzo ni fremu yenyewe. Bila shaka nguzo ni ya alumini. Alumini na chuma vikikaa pamoja na unyevu kwa miaka, alumini inaota unga mweupe unaovimba na kujibana. Ni kutu ya alumini, haivutwi kwa nguvu tu.

Legeza boliti ya kubania na uitoe kabisa. Fungua kranki, geuza fremu chini juu, mimina mafuta ya kupenya kupitia bomba la kranki yashuke kwenye nguzo kwa ndani, na mengine pale nguzo inapoingilia kwa nje. Rudia asubuhi na jioni kwa siku 4 au 5. Halafu kamata kichwa cha nguzo kwenye vaisi iliyofungwa imara mezani, ushike fremu yenyewe kwa mikono miwili, mbele na nyuma, uizungushe taratibu kushoto kulia. Hapo fremu ndiyo wenzo, na nguvu inasambaa. Ukisikia mlio mkavu kama wa kuni, umeshashinda. Endelea kuzungusha huku mwenzako anavuta.

Joto linatumika kinyume na watu wanavyofikiri. Alumini inapanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo ukipasha vyote inabana zaidi. Kinachosaidia ni kupoza nguzo: ijaze barafu iliyopondwa kwa ndani, ikishaganda uzungushe haraka.

Ikikataa, ikate ibaki sentimita 2 juu ya fremu, kisha pitisha wembe wa msumeno wa chuma ndani yake na kukata mfereji kwa urefu, kidogo kidogo, hadi ukaribie ukuta wa chuma bila kuufikia. Mfereji wa pili upande wa pili, kisha nguzo inakunjwa kwa koleo kuelekea ndani. Ni kazi ya siku nzima na mikono itauma. Kostiki ya kutengenezea sabuni inakula alumini na kuacha chuma, mafundi wengine wanaitumia, lakini inatoa hewa inayowaka na inapofusha macho. Kama huna miwani ya kazi, glovu na uwanja wazi usio na moto, usiiguse.

Kwa fremu ambayo bado hujalipa: legeza boliti na ujaribu kuzungusha nguzo pale pale kwa muuzaji. Ikigoma, bei lazima ishuke, kwa sababu unanunua kazi yote hii.

Kutu kiasi gani ni nyingi mno?

*Huku Tukuyu mvua hazikatiki. Fremu niliyoipata ina kutu nyingi kwa nje. Bado inafaa? – Msomaji, Tukuyu*

Kutu ya nje mara nyingi ni ya kufuta kwa brashi ya waya na msasa. Inayoua fremu ni ya ndani, na kwenu ndiyo yenye nafasi. Maji huingia kupitia bomba la siti na mianya ya viungo, yakatulia chini kabisa, yaani kwenye bomba la kranki na sentimita chache za mwanzo za mabomba yanayolizunguka. Fungua kranki umulike tochi. Ukiona unga wa kahawia unaopangusika kwa kidole, inafaa. Ukiona magamba yanayobanduka kama ya mti, chukua msumari mkali na ukandamize kwa nje chini ya bomba la kranki, ncha za nyuma karibu na midomo ya ekseli, na chini ya kila kibanio cha waya. Ukizama au kutoboa, iache. Gonga pia kwa kijiko bomba zima kuanzia katikati kuelekea ncha: sauti inayobadilika ghafla ikawa butu inakuonyesha pa kuchunguza.

Iliyopona itibu ndani kabla ya rangi. Kung'uta magamba, kausha juani siku 2, mimina mafuta ya kitani au oili nyepesi kama nusu kikombe, ziba matundu kwa vitambaa na uizungushe pande zote hadi mabomba yote yalowe, kisha ining'inize ichuruzike usiku. Toboa tundu la milimita 4 au 5 chini ya bomba la kranki, katikati, kama halipo. Tundu hilo dogo litaokoa fremu yako kuliko rangi yoyote. Usilizibe kwa grisi.

Nyufa ni habari nyingine. Ufa kwenye mdomo wa ekseli fundi wa gesi anaweza kuuziba kwa fimbo ya shaba. Ufa kwenye bomba lenyewe, hasa karibu na shingo, usiuchomelee kwa umeme: ukuta wa milimita 0.7 unaungua, na pembeni ya kovu chuma kinakuwa kigumu na kukatika tena, safari hii ukiwa kwenye mteremko.

Kupanua nyuma

*Fremu yangu ina nafasi ya milimita 126 nyuma, kati ya midomo ya ekseli. Nimeambiwa niipanue hadi 130 nipate gia nyingi za kupandia milima ya Njombe. Inawezekana? – Msomaji, Njombe*

Kwa chuma inawezekana, kwa alumini kamwe. Namba hizi ni za kujua kabla hujanunua: 120 ilikuwa kwa gia 5 za nyuma, 126 kwa 6 au 7, 130 kwa 8 na kuendelea.

Lakini dada au kaka, angalia kama unahitaji. Kinachopandisha mlima ni gia ya nyuma yenye meno mengi, ile tunayoiita jino kubwa, wala si wingi wa gia. Resi nyingi za zamani zina kranki ya meno 52 na 42 na nyuma 14 hadi 24. Kwa 42 mbele na 24 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 3.8. Weka friwili (fungu la gia za nyuma) ya meno 14 hadi 28, inapatikana kwenye baiskeli za milima za mitumba za gia 7, na unashuka hadi mita 3.2. Inaingia kwenye 126 bila kupanua chochote. Hakikisha tu mkono wa gia wa nyuma ni mrefu. Mifupi ya resi mara nyingi haifiki meno 28, mnyororo utabana kwenye jino kubwa.

Ukiamua kupanua, tafuta fimbo ya nyuzi ya milimita 10, nati 4 na washa pana 4. Ipitishe midomoni, nati 2 zikisukuma kutoka ndani kwenda nje. Chuma kinarudi, kwa hiyo fungua hadi 138, legeza, pima. 142, legeza, pima. Ongeza hivyo hadi ibaki 130 yenyewe. Tatizo ni kwamba pande mbili hazilegei sawa: bomba la upande wa mnyororo limebonyezwa kupisha meno, hivyo mara nyingi linakwenda zaidi. Rudia kipimo cha uzi. Likiwa limezidi, rudisha upande huo peke yake kwa wenzo wa mbao. Malizia kwa kutazama midomo kama bado inatazamana sawasawa. Ikiwa imepinda kwa nje, ekseli itakatika ndani ya miezi michache na utailaumu habu bure.